Gitaa la mawimbini: kazi yote iko kwenye mkono unaopiga

Aliyekuwa kijana mwaka 2006 na kupita hata mara moja jirani na disko, au kupanda daladala yenye spika za haja, anaujua mlio wa gitaa unaofungua "Pump It" ya kundi la Black Eyed Peas. Gitaa linatetema kwa kasi ya cherehani, linapanda ngazi ya sauti yenye ladha ya Uarabuni, kisha vijana wanadakia kwa kurap. Wapo walioapa kwamba ule ni ujanja wa kompyuta. Kompyuta ilinakili tu. Gitaa lenyewe lilipigwa na mkono wa mtu, huko California, mwaka 1962.

Mtu huyo ni Dick Dale, ambaye wazazi wake walimpa jina la Richard Monsour. Alizaliwa Boston mwaka 1937, baba yake akiwa na asili ya Lebanoni, na familia ikahamia kusini mwa California angali kijana. Wimbo wenyewe unaitwa "Misirlou". Dale hakuutunga. Ni wimbo wa zamani wa mashariki ya Mediterania, ambao Wagiriki, Waarabu, Waturuki na Wayahudi wa huko wameupiga kila mmoja kwa namna yake, na santuri ya mwanzo inayojulikana ni ya mwaka 1927. Kwao ulikwenda taratibu, wimbo wa kumlilia mwanamke wa Kimisri. Dale akauongeza kasi, akauweka kwenye gitaa la umeme, na mwaka 1994 Quentin Tarantino akaufungulia filamu yake ya "Pulp Fiction". Hapo ndipo dunia ilipoujua kwa mara ya pili.

Inasimuliwa, na mwenyewe alipenda kuisimulia, kwamba shabiki mmoja mdogo alimuuliza kama anaweza kupiga wimbo mzima kwenye uzi mmoja tu wa gitaa. Dale akakumbuka wimbo ambao ami zake waliupiga kwa udi nyumbani. Akaurudia kwenye uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, na baadaye akaupandisha kwenye uzi wa kwanza. Ukiisikiliza rekodi ile leo kwa makini, utamsikia anafanya hivyo hivyo.

Nimeanza na "Misirlou" kwa sababu ndio wimbo unaowaponza wengi. Kijana anajinunulia gitaa la umeme, anafungua simu, anaona vidole vinatembea kwenye uzi mmoja, anajisemea hapa hapana kazi. Na kweli mkono unaobana nyuzi hauna kazi kubwa. Noti zenyewe mtu anaweza kuzikariri jioni moja. Kinachomshinda ni mkono wa pili, ule unaoshika piki, yaani kile kipande kidogo cha plastiki cha kukwanyulia nyuzi. Haipiti dakika, msuli umekakamaa, piki imedondoka, na kijana ameshaamini kuwa hana kipaji. Kipaji hakihusiki hapo. Muziki huu wote umejengwa juu ya mkono unaopiga, na video nyingi za mafunzo zinaelekeza kamera kwenye mkono usio na siri yoyote.

Kwa Wamarekani mtindo huu unaitwa surf, kwa jina la mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Hapa niuite roki ya mawimbi. Enzi yake ilikuwa fupi. Ulichomoza mwaka 1961, na Beatles waliposhuka Marekani Februari 1964, vijana waliokuwa wakicharaza gitaa bila kufungua mdomo walianza kutafuta mwimbaji. Katikati ya hapo, kusini mwa California, ilikuwa ni bendi juu ya bendi, nyingi zikiwa za wanafunzi wa sekondari. Gitaa la solo lilibeba wimbo, gitaa la ridhimu likalisindikiza, besi na dramu zikashika mwendo. Mwimbaji hayupo. Kwa anayejifunza hilo ni jambo la maana sana, kwa sababu kwenye bendi yenye mwimbaji mpiga gitaa anaweza kuboronga na watu wasijue. Hapa wimbo ni wewe.

Makao makuu ya mambo yote hayo yalikuwa Balboa, katika mji wa Newport Beach, kwenye ukumbi mkubwa wa dansi ulioitwa Rendezvous Ballroom. Ulikuwa umejengwa kwa ajili ya bendi kubwa za zama za wazazi wa vijana hao. Mwaka 1961 Dale na bendi yake ya Del-Tones wakaanza kupiga pale. Inasemekana wakubwa wa mji, wakiogopa vurugu za vijana, walitoa kibali kwa sharti kwamba kila mwanamume avae tai. Basi wateleza mawimbi wakawa wanatoka baharini pekupeku, wanaingia ukumbini na tai shingoni. Ukumbi huo uliungua mwaka 1966 na haukujengwa tena.

Umati uliojaa pale Rendezvous ulikuwa na shida moja: ulimeza sauti. Amplifaya za wakati huo zilitengenezwa kwa kumbi za kiasi, na Dale alizifungulia mpaka zikaungua. Aliyemsaidia ni Leo Fender, fundi wa mji wa Fullerton, ambaye gitaa lake la Stratocaster lilikuwa sokoni tangu mwaka 1954. Fender mwenyewe, na hili huwa linanichekesha kila nikilikumbuka, hakujua kupiga gitaa. Alijua kusikiliza malalamiko ya wapigaji. Yakazaa amplifaya ya Showman, yenye nguvu kuliko zilizotangulia, ikafungwa spika ya JBL ya inchi 15.

Mwaka 1961 kiwanda cha Fender kikatoa kisanduku cha mwangwi, na hicho ndicho kilichoupa muziki huu sura yake. Ndani yake mna springi ndefu nyembamba zilizotandazwa kwenye kisinia cha bati. Sauti ya gitaa ikiwa bado ni umeme inazitikisa springi hizo kwa upande mmoja. Mtikisiko unasafiri hadi mwisho wa springi, unagonga, unarudi, unakwenda tena, na upande wa pili kifaa kingine kinaugeuza kuwa umeme na kuupeleka kwenye amplifaya. Noti moja inakuja na ndugu zake wengi wanaofifia. Ukikipiga teke kisanduku wakati kimewashwa, springi zinagongana na spika inatoa radi ya kumwamsha mtaa mzima. Dale alisema alikitaka kwanza kwa ajili ya sauti yake ya kuimba. Wapiga gitaa wakagundua jambo jingine: ukizima nyuzi kidogo kwa ubavu wa kiganja, huku mwangwi umefunguliwa sana, kila noti inatoa mlio mfupi wa tone la maji. Hadi leo wapigaji wa mtindo huu hupima ubora wa kisanduku kwa jinsi kinavyodondosha majimaji.

Kwa hiyo ile bahari unayoisikia kwenye santuri ni springi za chuma. Ndiyo maana haikuwa lazima mtu awe anaishi pwani. Bendi ya The Astronauts, iliyorekodi "Baja" mwaka 1963, ilitoka Boulder, Colorado, milimani, mbali kabisa na bahari yoyote. Na The Ventures, ambao bila wao hatuwezi kuzungumzia gitaa lisilo na mwimbaji, walitoka Tacoma, kaskazini, kwenye mvua na baridi. Wapo mashabiki wanaogombana mpaka leo kama The Ventures ni roki ya mawimbi au siyo. Mimi ugomvi huo nawaachia wenyewe, anayejifunza anawahitaji.

The Ventures walianzishwa mwaka 1958 na Don Wilson na Bob Bogle, vijana wawili wa kazi za ujenzi walionunua magitaa ya bei rahisi na kujifundisha. Mwaka 1960 "Walk, Don't Run" yao ikafika namba 2 kwenye chati za Marekani. Mwaka 1965 wakatoa santuri ya mafunzo, "Play Guitar with The Ventures", ambayo mwanafunzi aliweka kwenye gramafoni na kufuata maelekezo ya kupiga nyimbo zao. Santuri ya darasa ikaingia kwenye chati za mauzo, pamoja na nyimbo za kustarehesha. Wengine hawakuwa hata na hiyo. Walichukua santuri ya kawaida ya mwendo wa 45, wakaizungusha kwa mwendo wa 33, wimbo ukaenda polepole na sauti ikawa nzito, wakaokota noti moja moja kwa sikio. Leo programu ya simu inapunguza kasi bila kuharibu sauti, tena bure. Kazi ya sikio ni ile ile.

Sasa tuingie kwenye mkono.

Piki inashikwa kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, na ncha yake itokeze milimita chache tu. Wanaoanza huiachia itokeze sana, ikawa inanasa kwenye uzi kila inapopita. Iache kidogo. Kisha anza na uzi wa sita ukiwa wazi, bila kubana kitu. Piga chini, piga juu, chini, juu, kwa ukubwa ule ule. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, kiwiko kitulie. Kama kiwiko kinatembea, utachoka kabla ya wimbo kufika nusu, na hakuna dawa ya hilo zaidi ya kurudi nyuma na kuanza polepole.

Polepole maana yake ni nini? Weka metronomu, kile kipima mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, na kwa kila pigo ingiza viboko vinne vya piki. Kiboko cha kwanza kizito kidogo, vitatu vinavyofuata vyepesi. Hapo unaweza kusinzia. Usisinzie, kwa sababu ndipo tabia ya mkono inapojengwa. Jirekodi kwa simu halafu sikiliza. Karibu kila mtu anayeanza, kiboko cha juu ni dhaifu kuliko cha chini, na mlio unachechemea: TAta-TAta-TAta. Unapopiga hulisikii hilo, maana akili iko kwenye vidole. Kwenye rekodi linajitangaza lenyewe. Usiongeze kasi mpaka chechemeo liishe. Likiisha, ongeza mapigo manne, matano, si zaidi. Msuli wa mkono ukikaza, simama, kunywa maji, rudi kesho. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida na hupona. Maumivu ya kifundo cha mkono ni onyo.

Dick Dale alikuwa na siri yake hapa, naye hakuificha. Kabla ya gitaa alipiga tarabaki, ile ngoma ya Kiarabu ambayo Unguja inajulikana kama dumbaki na bila yake taarabu na kidumbaki haviendi. Alimhusudu pia Gene Krupa, mpiga dramu wa jazi. Alipochukua gitaa alilipiga kwa mkono wa mpiga ngoma: mzito, ulionyooka, wenye kuhesabu. Nyuzi zake zilikuwa nene ajabu. Unene wa uzi wa gitaa hupimwa kwa sehemu ya elfu ya inchi, na pakiti nyingi za wanaoanza leo zina uzi wa kwanza wa 9. Wa Dale ulikuwa 16, na wa sita ulikuwa 60. Nyuzi za namna hiyo hazikubali kubembelezwa. Usimwige. Uzi wa kwanza wa 11 unatosha: ni mnene kiasi cha kuvumilia piki nzito bila kuyumba, na vidole vyako vitaishi.

Jambo jingine la kuangalia kwa anayetazama video zake: Dale alitumia mkono wa kushoto kupiga, na hakubadilisha mpangilio wa nyuzi. Gitaa lake lilikuwa juu chini, uzi mnene ukiwa karibu na sakafu. Ukijaribu kufuata vidole vyake kama unavyoviona kwenye kioo cha simu, utajichanganya bure. Fuata masikio.

Wimbo wa kwanza, kwa maoni yangu, uwe "Pipeline" ya The Chantays. Waliutoa mwaka 1963 ukafika namba 4, nao walikuwa wanafunzi wa sekondari wa Santa Ana. Jina ni la sehemu maarufu ya mawimbi katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Wimbo unaanza kwa piki inayotetema kwenye uzi wa sita huku mkono wa pili ukiteleza kutoka juu ya shingo ya gitaa hadi chini. Hapo utajua mara moja kama yale mazoezi ya viboko vinne yamekuingia. Baada ya mteremko huo inakuja sehemu nzito ya kurudiarudia kwenye nyuzi za chini, katika E maina, nyuzi zikiwa zimezimwa nusu kwa kiganja.

Kuzima huku ni sanaa ya milimita. Ubavu wa kiganja ukae juu ya daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoishia. Ukiusogeza mbele sana, uzi unakufa na unasikia kishindo kisicho na noti. Ukiurudisha nyuma sana, uzi unalia wazi na lile tone la maji halipo. Kati ya hapo kuna mstari mwembamba, tofauti kwa kila gitaa, na kila mpigaji anautafuta mwenyewe. Ukiupata utajua: noti inakuwa fupi na nene, ina sauti yake kamili lakini haibaki hewani. Melodi ya "Pipeline" inayokuja juu ya hapo ni ya taratibu, ina nafasi nyingi, na inakuruhusu kupumua. Sikiliza pia kinanda cha umeme kilivyojificha ndani ya rekodi ile. Wengi wameusikia wimbo huo miaka na miaka bila kujua kuna kinanda.

Kisha njoo "Walk, Don't Run". Mtungaji wake ni Johnny Smith, mpiga gitaa wa jazi aliyeurekodi mwaka 1954. Chet Atkins akaupiga kwa vidole, The Ventures wakausikia kwake na kuurahisisha. Msingi wake ni kodi nne zinazoshuka ngazi, A maina, G, F na E. Hapa mkono unaobana nao unapata kibarua: F inahitaji kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, jambo ambalo limewafukuza watu wengi kwenye gitaa kuliko upungufu wa fedha. Wimbo huu una faida kwamba unahitaji magitaa mawili. Mtafute mwenzako. Mmoja ashike ridhimu, mwingine solo, halafu mbadilishane. Anayekimbilia solo tu bila kujua ridhimu atapiga noti zote sawasawa na bado wimbo hautacheza.

Kuhusu "Wipe Out" ya The Surfaris sina mengi. Ni wimbo wa vijana wa Glendora, ulifika namba 2 mwaka 1963, na kwenye gitaa ni bluzi ya kawaida ya C, F na G. Wenyewe walihitaji kitu cha kujazia upande wa pili wa santuri. Mwenye wimbo ni mpiga dramu, Ron Wilson, na mwendo alioutumia aliutoa kwenye bendi ya gwaride ya shule yake. Kama una rafiki mpiga dramu, mfundishe. Atakupenda, na majirani zake watakuchukia.

Ndipo turudi kwa "Misirlou", na hapa ndipo msomaji wa pwani yetu ana mtaji ambao kijana wa California hakuwa nao.

Panga noti za wimbo huo kwenye uzi wa sita. Uzi wazi ni E. Freti ya kwanza, yaani nafasi ya kwanza kwenye shingo ya gitaa, ni F. Kisha unaruka hadi freti ya nne, G kali, halafu ya tano, A. Ule mruko kutoka ya kwanza hadi ya nne ndio unaotoa ladha yote. Masikio yaliyokuzwa kwa muziki wa Ulaya huona mruko huo ni kitu cha ajabu, cha jangwani, cha kwenye filamu. Aliyekulia Unguja, Mombasa, Lamu au Tanga huo kwake ni muziki wa harusini. Ni hijazi, moja ya makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ambazo taarabu ilizipokea kutoka Misri na kuziimba kwa Kiswahili. Klabu ya Ikhwan Safaa ya Unguja imekuwa ikiupiga muziki wa aina hiyo tangu mwaka 1905.

Kuna bahati nyingine ndani ya hijazi. Udi hauna freti, kwa hiyo mpiga udi anaweza kuweka kidole popote, pamoja na zile noti za makamu kama rasti na bayati ambazo kwenye gitaa zingeangukia katikati ya freti mbili. Gitaa haliwezi kuzipata. Hijazi inawezekana, kwa sababu noti zake zinakaa karibu kabisa na freti za gitaa. Ndiyo maana Dale aliweza kuuhamisha wimbo wa ami zake kwenye Stratocaster bila kuuvunja. Tanga walilijua hilo kwa njia yao: miaka ya 1960 vikundi kama Black Star na baadaye Lucky Star viliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, na gitaa likaimba pale ambapo zamani zilikuwa zinasikika fidla na udi. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Bahari mbili tofauti, umeme ule ule, ngazi ya sauti ile ile.

Na ile mitetemo ya piki? Mtazame mpiga udi anapotaka noti moja ibaki hewani. Uzi wa udi hunyamaza upesi, kwa hiyo anaupiga juu chini kwa haraka ili sauti isikatike. Dale alifanya jambo lile lile, ila kwa nguvu zaidi, na kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka mwisho. Anayetaka kuujua mkono wa "Misirlou" atajifunza mengi kwa kukaa nusu saa mbele ya mpiga udi mzuri kuliko kwa kutazama video kumi za gitaa. Unguja kuna chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanza mwaka 2002 Mji Mkongwe, ambako udi hufundishwa. Na pwani yote bado kuna wazee wanaoupiga barazani.

Naombwa mara kwa mara ushauri wa vifaa. Huhitaji Fender. Gitaa lolote lenye pikapu (vile vinasa mlio vya chini ya nyuzi) nyembamba za koili moja, hasa ile ya karibu na daraja, litakupa ule mlio mkali unaokata. Wenye magitaa ya Fender aina ya Jazzmaster au Jaguar wana haki ya kutamba, lakini mkono mbovu unasikika mbovu hata kwenye Jaguar. Kama gitaa lako lina ile fimbo ya kutikisa nyuzi, itumie kwa adabu: mwisho wa sentensi ya wimbo ishushe kidogo, iachie irudi, basi. Kwenye gitaa la bei nafuu ukiivuta sana nyuzi zote zinalegea na kutoka kwenye noti, na utatumia jioni nzima kuzirudisha.

Mwangwi upo hata kwenye programu za simu, wala si mbaya. Ila fanya mazoezi bila huo mwangwi. Unapendeza, na kwa sababu hiyo hiyo unadanganya: unajaza mapengo yote uliyoyaacha, unafunika kiboko kilichochechemea, unakufanya ujisikie Dick Dale kabla ya wakati. Ufungue siku ambayo wimbo umeshanyooka bila mwangwi. Dale alipiga jukwaani mpaka uzeeni, akiwa na maradhi mengi, hadi alipofariki Machi 2019 akiwa na miaka 81, na mkono wake ulisikika vizuri hata pale vyombo vya ukumbi vilipokuwa hovyo.

Basi anayetaka kuanza wiki hii, aanze na uzi wa sita ukiwa wazi na metronomu, kisha "Pipeline", kisha "Walk, Don't Run" akiwa na mwenzake. "Misirlou" isubiri mpaka mkono uweze kupiga viboko vinne kwa kila pigo bila kukakamaa kwa muda wote wa wimbo. Na kama mtaani kwako kuna mzee anayepiga udi, mwamkie, kaa naye, mwombe akupigie hijazi polepole, na usitazame vidole vinavyobana. Tazama mkono unaopiga.